Ni Wewe au Pombe?

Ipo nchi, si mbali wala si karibu. Ukienda kwa miguu utafika umechoka. Ukienda kwa gari utakuta barabara imekaa chini kupumzika. Jina inalo, lakini lilipelekwa kufanyiwa ukarabati tangu utawala uliopita, na mkandarasi bado anatafutwa. Basi tuiite nchi, inatosha.

Watu wa nchi hiyo walikuwa na desturi nzuri waliyoachiwa na wazee. Mtu akivuruga kilabuni, akamwambia mjumbe wa nyumba kumi kuwa ni mwizi na shemeji yake kuwa ni mchawi, hakupigwa wala kushtakiwa. Asubuhi walimwendea na kikombe cha maji, wakamwuliza swali moja tu: "Ni wewe au pombe?" Naye alijibu, "Ni pombe." Akapewa maji, akasukutua, akatema, na maneno yake yakaondoka na mate. Hakuna aliyeyakumbuka tena. Hata mjumbe, ambaye kweli alikuwa mwizi, aliendelea na kazi zake.

Serikali, kwa jinsi inavyopenda mila, iliichukua desturi hiyo ikaivalisha suti. Ikatunga Sheria ya Ulimi Uliolowa. Kwa sheria hiyo, ruhusa ya kusema hadharani walipewa waandishi peke yao, na mwandishi sharti awe mlevi. Akishalewa, uwanja ni wake. Aandike kwamba wakubwa wanakula shamba pamoja na mkulima. Aandike kwamba hospitali ina milango mizuri na haina dawa. Hakuna wa kumgusa, mradi juu ya jalada la kitabu chake yawepo maneno haya, kwa herufi kubwa kuliko jina la kitabu: IMESEMA POMBE. Watu walinunua, wakasoma, wakacheka, wakasema, "Pombe ya mwaka huu kali," wakafungia maandazi.

Wageni kutoka nchi za ng'ambo walikuja kuutazama uhuru huo. Walizungushwa magerezani, wasimwone mwandishi hata mmoja, wakalia kwa furaha.

Waandishi walijengewa nyumba yao, Nyumba ya Kalamu, yenye mabomba mawili: bomba la wino na bomba la pombe. La wino lilishika kutu mapema. La pombe halijapata kukatika, hata majuma yale hospitali ya jirani ilipokuwa ikipasua watu bila maji.

Na katika nyumba hiyo hakuna aliyependwa na serikali kama Ndalahwa Mihambo. Hadithi zake zilikuwa chungu kama shubiri. Waziri wa Fasihi na Vinywaji, Mheshimiwa Daktari Daktari Chilungo, alisomewa hadithi hizo wakati wa kunyolewa ndevu, akacheka mpaka kinyozi akaogopa. (Udaktari alikuwa nao mara mbili, wote wa zawadi, na ukiruka mmoja ananuna.) "Huyu ndiye simba wetu!" alisema.

Simba wakati huo alikuwa chini ya meza, amekumbatia kiatu kisicho chake.

*

Kisha daraja la mto Ngwala likaanguka.

Lilianguka siku ya gulio, na watu juu yake, na mbuzi wao, na utepe wa uzinduzi ukiwa bado haujapauka. Redio ikasoma taarifa: "Daraja halikuanguka. Wananchi waliokuwa wakivuka walikuwa wamelewa, wakalikosa. Daraja, kwa mshtuko wa kukoswa, liliinama. Linaendelea vizuri."

Miongoni mwa waliolikosa daraja alikuwamo Kapufi Mihambo, mdogo wake Ndalahwa, mwalimu wa kwaya. Mtu asiyekunywa huko wanamwita mkavu, na Kapufi alikuwa mkavu kama kuni za kiangazi. Togwa ikilala, haigusi. Dawa ya kikohozi aliitema, alisema inampasha kifua moto.

Sasa kanisa la Kapufi halikuzika walevi ndani ya ua wake. Redio ilikuwa imesema wote walikuwa walevi. Kwa hiyo Kapufi alichimbiwa nje ya ua, kwenye mkonge, pamoja na wale wengine wa darajani.

Jamaa za wale wengine walikuja na vibuyu, wakawamwagia wafu wao pombe, wakawataja majina. Hiyo nayo ni desturi, na ni nzito kuliko ile ya kwanza. Pombe ikimwagwa chini kwa ajili ya marehemu, kila aliyepo husimama na kuvua kofia, na kila jina likitajwa huitikia, "Apokee." Hakuna anayekatiza. Atakayekatiza, marehemu humfuata nyumbani, na haondoki kwa kufukuzwa. Mchungaji Sizya mwenyewe, aliyehubiri kila Jumapili kuwa mambo hayo ni ya giza, alivua kofia upesi kuliko wote.

Mama yake Kapufi, bibi Ng'washi, hakumwaga kitu.

"Hakunywa akiwa hai," alisema, "nimnyweshe amekufa? Mchungaji, wewe unamjua mwanangu."

"Namjua, mama."

"Umepata kumwona amelewa?"

"Hata siku moja. Lakini redio imesema, mama. Mimi ni nani nishindane na redio? Redio haichoki."

"Basi nini kitamrudisha ndani ya ua?"

Mchungaji akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Apatikane mtu mwenye ruhusa ya kusema hadharani, aseme Kapufi hakuwa mlevi. Lakini mtu mwenyewe awe mkavu. Maneno ya mlevi siyapokei, utanisamehe."

Mama akafikiri. Wenye ruhusa walikuwa waandishi, na waandishi wote walevi. Wakavu walikuwa wengi, na ruhusa hawana. Hapo ndipo alipoona jinsi serikali ilivyo na akili.

"Nitasema mimi, mama," ilisema sauti nyuma yao. Alikuwa Ndalahwa, macho mekundu, kamasi mpaka kidevuni.

Mama alimtazama. "Wewe, Ndalahwa? Tangu asubuhi unalia kwenye kaburi la mtu mwingine."

*

Jioni ile Ndalahwa aliandika makala kwa hasira, huku kikombe kiko karibu. Aliandika daraja lilivyokuwa na mchanga mwingi na saruji ya kuombea. Aliandika jina la Kapufi. Makala yakatoka na maneno yake ya jalada. Nchi nzima ikacheka. Daktari Daktari akamletea pipa lenye utepe, na salamu: "Pombe imesema vizuri sana. Endelea kuinywesha."

Ndalahwa alilitazama lile pipa. Alikuwa amepata mapipa mengi, lakini hili ndilo la kwanza kumtazama na yeye. Akalisukuma mpaka mtaroni, akalitoboa.

"Nimeacha," alimwambia mkewe Nyamizi.

"Umeacha nini?"

"Pombe."

Nyamizi aliendelea kuchambua mchele. "Umeiacha wapi? Usije ukasahau mahali."

Lakini aliacha kweli, na usiniulize ilikuwaje, maana hata nyumba ilichoka. Mikono ilitetemeka mpaka kalamu ikawa inaandika yenyewe, na haikuandika kitu cha maana. Mguu wa kulia ulipiga chini tap tap tap kama wa cherehani. Hakuweza kukaa. Alizunguka nyumba, akauzunguka mtaa, akaenda mpaka mwisho wa lami, na kwa kuwa lami ya huko haiendi mbali, akarudi. Alipita kilabu cha mama Tabu akiwa ameziba pua, akagundua masikio nayo yanasikia harufu. Aliyazibua, akayaziba, akakimbia. Alikula pilipili. Alikula barafu. Alifyeka nyasi za jirani bila kuombwa, kisha maua ya jirani.

"Baba Shija, kaa chini," Nyamizi alimsihi.

"Nikikaa inanikuta."

"Inakuja kutoka wapi?"

"Kila mahali, mama Shija. Hata ukutani."

Kila jioni Nyamizi alimsimamisha mlangoni. "Hebu pumua." Alipumua. "Kisamvu," Nyamizi alisema, akampisha aingie. Alisema vile bila kutabasamu, maana alishawahi kutabasamu mapema mara nyingi katika ndoa ile.

*

Habari za mwandishi mkavu hazifichiki. Nyumba ya Kalamu ilitikisika. Mwenyekiti wake, mshairi Mafumbi, mtu wa tumbo kubwa na kanzu ndogo, alikuja na wenzake wawili wakiwa wameshikana ili wasimame.

"Ndugu Ndalahwa," alianza Mafumbi, "sisi waandishi ni taa ya jamii."

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Na taa bila mafuta haiwaki."

"Mwenyekiti, umekanyaga kuku."

Mafumbi akahamisha mguu, akaacha ushairi. "Sikiliza, bwana. Unatuua. Ukiandika wewe mkavu, kesho watasema maneno yale huwa ya mwandishi. Unajua mimi nimeandika nini juu ya wakubwa? Unajua? Mimi mwenyewe sijui! Wakianza kuamini kwamba ni mimi niliyesema, nitaponea wapi?"

"Mwenyekiti, wewe ulichoandika ni kweli?"

"Ndicho ninachoogopa!" alifoka Mafumbi, akaanza kulia. Wenzake wakalia pia, kwa mshikamano.

Siku ya pili alikuja Mnusaji wa Wilaya, Bwana Chatila, mtumishi mpole mwenye pua iliyokatiwa bima na serikali. Kazi yake ilikuwa kunusa waandishi, na kuwaendea asubuhi na kikombe cha maji na swali la desturi. Kikombe hicho cha bati alikining'iniza kiunoni, hakikai bila maji. Alimnusa Ndalahwa mdomoni, kwapani na nyuma ya masikio.

"Mzee wangu," alisema kwa huzuni, "hunuki kabisa."

"Ndiyo hivyo."

"Jitahidi kidogo, mzee. Hata ya kupakaa tu shingoni. Mimi nina watoto."

"Na mimi nina mdogo wangu, amelala kwenye mkonge."

Chatila alifunga mkoba wake. Alikuwa mtu mwenye huruma. Alitoa taarifa huku akisikitika.

*

Daktari Daktari Chilungo alimpokea Ndalahwa ofisini mwenyewe. Hakumfokea. Alimkalisha kwenye kiti cha ngozi, na mguu wa Ndalahwa ukaanza tap tap tap kwenye zulia la taifa.

"Mwanangu," alisema waziri, ingawa walikuwa rika moja, "serikali haina ugomvi na ukweli. Ukweli tunaupenda. Ndiyo maana tumeutafutia mahali pa kukaa. Ukitoka pale utanyeshewa."

"Mheshimiwa Daktari Daktari, mdogo wangu hakuwa mlevi."

"Najua. Nani asiyejua? Mtu aliyetema dawa ya kikohozi!" Waziri alicheka kwa upendo. "Sasa sikiliza. Tunakutunukia Kata ya Taifa, ile ya kunywea. Uwanja wa mpira, bendi, watu wote. Utapewa kata ya dhahabu imejaa. Piga funda moja, moja tu, halafu sema unalotaka. Sema daraja, sema mdogo wako, tukana mpaka ushibe. Na kesho yake, kwa amri yangu, Kapufi anahamishwa, anaingizwa ndani ya ua wa kanisa kwa gwaride."

Mguu wa Ndalahwa ukasimama. "Ndani ya ua?"

"Karibu na kengele. Tutaandika juu ya msalaba: Kapufi Mihambo, Mlevi wa Heshima."

Kutoka kabatini, nyuma ya vioo, chupa za waziri zilimwangalia Ndalahwa kama ndugu waliopotezana.

"Na nisipokunywa?"

"Hakuna asiyekunywa mbele ya bendi," alisema waziri.

Ndalahwa alipofika nyumbani alimsimulia mama. Bibi Ng'washi alisikiliza mpaka mwisho, akisokota ncha ya kanga.

"Ndani ya ua, wamesema?"

"Karibu na kengele, mama."

"Na juu yake waandike mlevi."

"Wa heshima."

"Miguu yangu haifiki mbali siku hizi, mwanangu. Kule kwenye mkonge miiba inanichoma. Ningependa awe karibu." Akaiachia kanga, akasema, "Lakini nikifika pale karibu na kengele, nitamsalimia nani? Huyo mlevi simjui."

*

Uwanja ulijaa. Shule zilifungwa ili watoto wakapunge, na hospitali ikafungwa ili wagonjwa wakapungiwe. Bendi ilipiga wimbo wa taifa, ule mfupi, kwa sababu ule mrefu hauna anayeujua. Daktari Daktari alitoa hotuba iliyoanza na historia ya shayiri, ikapita kwenye mtama, ikakaa sana kwenye ulezi. Nyuma yake walisimama waandishi, wamepangwa kwa kimo na kwa harufu. Pembeni alisimama Chatila na kikombe chake cha bati, tayari kwa taratibu za baadaye.

Kata ikaletwa. Ilikuwa ya dhahabu kwa nje. Povu lilikuwa linashuka polepole kwenye ukingo wake, na harufu ikampanda Ndalahwa kama mtoto anayemrukia baba yake mlangoni. Mate yakamjaa. Mikono ikatetemeka, pombe ikamchuruzikia vidoleni, na vidole navyo, Mungu avisamehe, vikataka kwenda mdomoni. Akamwona Nyamizi kwenye safu ya mbele. Nyamizi hakumwambia lolote kwa macho. Alikuwa amefumba.

"Kunywa! Kunywa!" uwanja uliimba.

Ndalahwa akainua kata mpaka midomoni. Daktari Daktari akatabasamu. Mafumbi akashusha pumzi kama gurudumu.

Hapo Ndalahwa akaishusha, akapiga goti, akainamisha ile kata juu ya majani ya uwanja, na pombe ikaanza kumwagika, kidogo kidogo, kama inavyomwagwa kwa wafu.

"Malongo, mwana wa Sengo," alisema. "Alikuwa akipeleka karanga sokoni. Daraja lilikatika chini yake."

Mzee mmoja juu kabisa, kwa mazoea tu, kwa kuwa mdomo wake umezaliwa na desturi ile, aliitikia, "Apokee." Kofia zikaanza kuvuliwa. Za askari zikavuliwa. Wapiga tarumbeta wakavua. Daktari Daktari alitazama kushoto na kulia. Alikuwa na udaktari mara mbili, lakini alikuwa na nyumba pia, na hakutaka mtu wa mtoni amfuate huko. Akavua.

"Nyanjige, binti Luhende, na mtoto wake mgongoni. Hawakulikosa daraja. Daraja liliwakosa wao."

"Wapokee!" uwanja uliitikia.

Akawataja wote. Hakuharakisha. Alikuwa na kata kubwa, serikali yenyewe ilikuwa imeijaza. Kwa kila jina alisema mtu alibeba nini na alikuwa akienda wapi, na kwa kila jina watu walimwitikia, na waziri akaitikia, kwa sababu asiyeitikia ndiye anayefuatwa kwanza.

Kata ikaisha. Ndalahwa akaitikisa, akaiweka chini.

"Amebaki mmoja," alisema. "Kapufi, mwana wa Mihambo, mdogo wangu. Yeye hii hakuitaka. Nipeni maji."

Mtu wa kwanza mwenye maji alikuwa Chatila. Alisitasita. Taratibu hazikusema kitu juu ya jambo hilo, na marehemu alikuwa anangoja. Akafungua kikombe kiunoni, akakipeleka kwa mikono miwili. Ndalahwa akamwaga yale maji mbele ya nchi nzima, yakawa hayana povu wala harufu.

"Apokee," walisema watu. Na safari hii walisema taratibu, kwa maana waliona wenyewe kwamba mtu aliyemwagiwa maji alikuwa mkavu, na kwamba aliyeyamwaga alikuwa mkavu, na redio ilikuwa mbali.

*

Baraza la mawaziri likakaa likakesha kwa maneno. Kumshtaki Ndalahwa haikuwezekana: wote walikuwa wameitikia. Kusema amelewa haikuwezekana: pua ya serikali ilikuwa imeshaandika kwamba hanuki, na pua ile ina bima. Mwishowe redio ikatoa taarifa: "Uchunguzi umebaini kuwa mwandishi hakunywa. Aliyekunywa ni ardhi. Ardhi ililewa, na kwa kuwa ardhi ya nchi yetu ni moja na haigawanyiki, nchi nzima imelewa. Yote yaliyosemwa juu yake ni maneno ya mlevi na hayana kesi."

Serikali ikajipongeza, ikaenda kulala.

Bibi Ng'washi alikuwa wa kwanza kubisha hodi kwa Mchungaji Sizya asubuhi.

"Mchungaji, umesikia redio?"

"Nimesikia, mama."

"Ardhi yote imelewa."

"Ndivyo ilivyosema."

"Na ya ndani ya ua?"

Mchungaji alikuwa mtu wa kufuata redio. Aliutazama ua, akautazama udongo wa ndani, akautazama wa nje, na kwa mara ya kwanza hakuona tofauti. "Mama," alisema, "sioni cha kukujibu."

"Usijibu. Shika jembe."

Kapufi hakuhamishwa. Wanakwaya wake walikuja na mapanga na sururu, wakang'oa miti ya ua upande wa mkonge, wakaisogeza mbele, wakaichomeka upya ng'ambo ya makaburi yote ya darajani, mpaka walevi na wakavu wote wakawa ndani. Ndalahwa alichimba mashimo. Jasho lilimtoka, mikono bado ilitetemeka, na kila mara alisimama akazunguka kaburi, akarudi kuchimba.

Chatila akawakuta hapo. Alikuja polepole, kofia mkononi, kikombe cha bati kimejaa.

"Mzee wangu," alisema, "naomba unielewe. Kutoka juu wamesema tuimalize kwa desturi. Jibu tu kama wanavyojibu watu, usukutue, kila mtu arudi kwake. Hata wao hawataki shari."

"Uliza."

"Ni wewe," Chatila alisema, "au pombe?"

Majembe yakatulia. Mafumbi, aliyekuwa amejificha kwenye mkonge kusikiliza, aliomba kimoyomoyo, na hakujua anaomba nini. Nyamizi alikuwa amesimama na mti wa ua begani.

Ndalahwa akamtazama mama yake, aliyekwisha kukaa karibu na Kapufi, miguu ameinyoosha, hakuna mwiba.

"Ni mimi," alisema.

Chatila alingoja. Hakuna mtu aliyewahi kujibu hivyo tangu wazee waanzishe desturi, na taratibu hazikuwa na neno linalofuata. Alitazama barabara alikotoka. Alitazama kikombe. Jua lilikuwa kali, na hakuna aliyekuwa akimwangalia tena, wote walikuwa wamerudi kuchimba.

Akayanywa yale maji mwenyewe.